Kipande cha Ukingoni

Mashavu huchoma muhogo nje ya ukuta wa ukumbi wa mpira wa kikapu. Timu ya mtaa wao inapofanya mazoezi ya mitupo ya adhabu, yeye husikiliza. Mpira ukiingia, hasikii kitu. Ukigonga chuma, hutenga kipande kimoja kwenye ukingo wa jiko, nacho huwa cha Lukindo, fundi viatu, jirani yake.

"Mwaka jana nilishiba mpaka nikaugua," alisema Lukindo. "Na fainali ikatuponyoka kwa mitupo hiyohiyo. Sasa yule mrefu wetu naye kahama. Msimu huu kwenye mechi utakaa peke yako, Bi Mashavu."

"Miaka kumi na moja tumekaa benchi moja," alijibu Mashavu taratibu. "Hebu nyamaza kwanza, usikilize."

Ndani, mpira ulidundwa mara tatu. Kimya. Ukadundwa tena mara tatu. Kimya. Mashavu aligeuza mihogo yake. Ukingoni kulikuwa na kipande kimoja tu, tena kimeshapoa.

"Nani huyo?" aliuliza Lukindo.

"Simjui. Kaja Jumatatu."

"Na hiki je?"

"Cha asubuhi. Alikuwa hajapasha mwili."

Lukindo alicheka. "Huyu ataniua kwa njaa!" Akasogeza kigoda chake hadi ukutani. "Haya. Huu ukiingia, Jumamosi kwenye mechi nipo."

Mpira ukadundwa mara moja, mbili, tatu. Mashavu aliacha kupepea moto. Mkono wa Lukindo ulibaki hewani, juu ya kile kipande kimoja.