Pindo la Vidole Vinne

Koti lilikuwa zito kama mtoto aliyelala, na katika mji ule usiojua baridi hakuna aliyeweza kusema kama lingetosha. Fundi Mbwana alilishona kwa wiki tatu, akiikisia theluji kwa kusimuliwa tu.

Tunu alilivaa mbele ya kioo cha kibanda cha fundi, adhuhuri, jasho likimtiririka. Kesho angeondoka kwenda kusoma shahada ya uzamili. Wafadhili wa nchi ya mbali walikuwa wamemchagua yeye kati ya waombaji mia nne.

Aliinama akagusa pindo la chini. Lilikuwa pana, vidole vinne, kama la sare zake zote za shule. Kila Januari alikuwa akirudi hapa, fundi akilifumua, gauni likirefuka, na mwaka ukasogea.

"Fundi, nina miaka ishirini na sita," alisema taratibu. "Sirefuki tena."

Fundi Mbwana alibaki ameshika mkasi, akitazama mlangoni kama mtu anayesikia mvua ya mbali.

"Mkono umezoea, mwanangu. Ila pindo hilo asilifumue fundi mwingine."

Tunu alitoka na koti lake mwilini, akashika barabara iliyowaka jua, na watu wakasimama kumtazama. Fundi alimfuata hadi mlangoni. Aliliona pindo likiyumba juu ya vumbi, hatua kwa hatua, mpaka mazigazi yakalimeza.

Barabara ikabaki nyeupe, tupu. Fundi alisimama amenyoosha vidole vinne, kana kwamba anaipima.