Citoyen Sambodi Diditi

Kisimba, karani wa depo moja ya mizigo huko Manika, alikuwa amemaliza tu kuchora ndevu za mbuzi kwenye picha ya Inspekta pale Inspekta mwenyewe alipoingia. Walimtarajia Ijumaa. Treni ya Lubumbashi ilimleta Alhamisi.

Inspekta aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akaketi kwenye kiti cha mkuu wa depo, Citoyen Ngeleka, na kumwacha mzee huyo amesimama kama mshtakiwa.

"Ni nani alifanya hii? Mukinificha, bote munaenda ku buloko."

Gereza halikuwa neno la mzaha mwaka ule wa 1973. Kisimba aliwahi kuishi miaka miwili kwa mjomba wake Kitwe, ng'ambo ya mpaka kunakosemwa Kiingereza, na hofu ikimshika, Kiswahili humkimbia. Akaropoka Kiingereza:

"Somebody did it."

Yaani mtu fulani tu, asiyejulikana.

Inspekta, msomi wa Kifaransa, alikunja uso. "Anasema nini?"

Ngeleka alikuna kichwa. Akatamka polepole, kama mtoto anayesoma silabi: "Sambodi... Diditi. Anataja jina, Citoyen Inspecteur."

Kisimba akaitikia kwa kichwa. Mwaka uliotangulia, kwa amri ya serikali, kila mtu alitupa jina la ubatizo na kuchukua la mababu, na watu wakaanza kuitana Citoyen, yaani raia. Jina geni halikumshangaza mtu tena.

"Ule Sambodi eko wapi?"

"Alienda Mutshatsha na train ya asubui," Kisimba akasema. "Ni muntu wa fujo."

"Wa fujo kabisa," Ngeleka akaongeza. "Hata mi alishanitukana."

Askari wawili wakatumwa Mutshatsha. Barua ya kumfukuza kazi Sambodi Diditi ikabandikwa mlangoni, ina mihuri mitatu. Inspekta akarudi Lubumbashi ameridhika.

Siku zote zile Kisimba aliwasimulia wenzake kilabuni jinsi mkuu wake asivyojua hata neno moja la Kiingereza. Walicheka hadi bia ikawatoka puani.

Jumatatu alipeleka karatasi za kutiwa sahihi, akasukuma mlango bila kubisha. Ngeleka alikuwa kwenye simu, akiongea na kucheka kwa Kiingereza cha kasi ambacho Kisimba hakuweza kukifuata.

Mzee akaifunika simu kwa kiganja.

"Mi nilizaliwa Ndola, pembeni ya Kitwe yako, Citoyen," akasema. "Funga mulango."