Mashua ya Kwanza Hainunuliwi

Mashua ya kwanza ilipata alama themanini na moja kwa mia, na papo hapo ikakataliwa.

"Kwani ina kasoro gani?" fundi wa mashua aliuliza. Profesa alikuwa amelala chali chini ya mashua, rula mkononi, penseli mdomoni, akihesabu misumari.

"Haina kasoro. Ni ya kwanza."

Fundi akatazama juu kama mtu anayeomba subira.

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa mwanamke mshonaji mwenye cherehani moja na binti mmoja wa miaka saba, na jina hilo alibandikwa na mama mkwe wake siku alipoanza masomo ya jioni. Huko ndiko mwalimu wa hesabu alikomfundisha kanuni: ukitaka kuchagua kimoja kati ya vingi, theluthi ya kwanza tazama tu, usinunue. Baada ya hapo, chukua cha kwanza kitakachovipita vyote ulivyoviona. Mashua zilizokuwa zikiuzwa kuzunguka ziwa zilikuwa kumi na mbili. Basi nne ni za kutazama, hata moja ikiwa ya dhahabu.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Shule ilikuwa ng'ambo, na mashua ya jirani waliyoipanda muhula uliopita ilivuja hadi binti akajua kukumba maji kwa kikombe kabla ya kujua kuzidisha. Mara ya mwisho ilizama hatua kumi tu kutoka ufukoni. Profesa akaapa kwamba mwanawe hapandi tena chombo cha kubahatisha. Zilibaki wiki tatu shule ifunguliwe.

Jioni alimsomea mama mkwe daftari lake. "Rangi ya bluu. Mbao kavu. Haivuji. Ubao wa tatu kulia una fundo lenye umbo la sikio. Themanini na moja."

"Na hizo kumi na tisa zimepotelea wapi?"

"Haina kiti cha mtoto, Mama. Wala haina pa kushika."

"Mchagua nazi hupata koroma, Profesa."

"Hiyo ni methali, Mama. Hii ni hesabu."

Binti, aliyeitwa Kasuku kwa kuwa hakuna alilolisikia akaliacha lipite, akadakia: "Nne tazama, ya tano chukua!"

"Ikizipita zote," mama yake alimsahihisha.

"Ikizipita zote, Bibi," Kasuku akarudia polepole, kama anayemfundisha mtoto mgumu wa kuelewa.

Kesho yake mashua ya bluu ilikuwa imeshanunuliwa.

"Na nani?" Profesa aliuliza.

"Mtu mzima mmoja," fundi alisema. "Hakuja na rula."

Mashua ya pili ilipata thelathini, na hizo ni za huruma. Ya tatu ilikuwa imeota uyoga. Ya nne, mwenyewe alipoambiwa aingie amwonyeshe jinsi inavyokwenda, alikumbuka kuwa ana mgeni nyumbani.

Profesa alijiambia kwamba hajutii. Alijiambia hivyo asubuhi, mchana na jioni, na siku moja katikati ya kujiambia akashona mkono wa shati mahali pa kola. Mwenye shati hakucheka. Kanuni ni kanuni, aliwaza huku akifumua. Mwalimu angeweza kukosea?

Mama mkwe naye hakuwa wa kusaidia. Kila alasiri alitoka, eti kumjulia hali mgonjwa, akarudi ananuka mafuta ya taa. Mbuzi wake wawili hawakuonekana zizini. "Wamekwenda kumsalimu dada yangu," alisema, na Profesa, kichwa kimejaa theluthi, akaitikia kwamba ni vizuri, udugu kutembeleana.

Ijumaa, siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, fundi alimwita. Ya tano ilikuwa imepatikana.

Ilikuwa ya kijani, rangi nene bado inang'aa. Mbao kavu. Haikuvuja hata tone. Mbele kilipigiliwa kiti kidogo chenye mgongo, na ubavuni ilifungwa kamba ya kushikilia, kimo cha mtoto wa miaka saba hasa. Profesa alijumlisha, akajumlisha tena, machozi yakimlengalenga.

"Tisini na sita!" alisema, akamkabidhi fundi fedha za mwenye mashua.

"Alhamdulillahi," fundi alisema. "Mwenyewe ni mbishi yule, sijapata kuona. Kila siku yuko hapa kunisimamia."

Jioni hiyo chakula kilipoa kwa hotuba. Profesa alichora mashua tano mezani kwa kidole chenye maji, akaeleza theluthi, akaeleza subira, akaeleza tofauti ya mtu aliyesoma na mtu wa kukurupuka. Mama mkwe alisikiliza kwa adabu, mikono yake chini ya meza.

"Hebu fikiria, Mama, kama ningenunua ile ya kwanza!"

"Nafikiria," mama mkwe alisema.

Jumapili mbuzi walirudi kutoka matembezini.

Jumatatu wote watatu waliingia mashuani. Maji yalikuwa shwari, Profesa akapiga makasia kama aliyezaliwa nayo. Kasuku alikaa kwenye kiti chake, mkono mmoja kambani. Mkono wa pili, kama kawaida ya mikono ya watoto, ulitafuta cha kuharibu. Ulipata ubao, ukaanza kuukwangua kwa ukucha.

"Mama, chini ya kijani kuna bluu."

"Acha kuchimba mashua, mwanangu."

"Na kuna sikio."

Makasia yakasimama. Profesa alitazama ubao wa tatu, kulia. Kisha akamtazama mama mkwe, aliyekuwa ameshughulika sana na vilima vya ng'ambo, ngumi zimefumbwa mapajani. Kidole gumba kimoja kilikuwa kimesahauliwa nje, na kucha yake ilikuwa ya kijani.

"Piga makasia, Profesa," mama mkwe alisema bila kugeuka. "Kwani haikuzipita zote nne?"