Kufuli la Bomba

Bomba la uani lilifungwa kwa kufuli, na ufunguo wake mama mtu aliuvaa shingoni kama mkufu. Hata kulala alilala nao.

Ilianza pale kipimo cha damu ya binti yake kilipoonyesha madini ya risasi. Jirani mmoja alichoma betri kuukuu miaka na miaka mpaka maji ya mtaa mzima yakaharibika, kisha yeye akahama. Wao hawakuwa na pa kuhamia.

Mumewe hakukaa kitako. Alikusanya magunzi ya mahindi, akayachoma ndani ya pipa lililofunikwa mpaka yakawa mkaa, akaupondaponda na kuujaza kwenye ndoo yenye koki. Maji yakipita humo, risasi inabaki kwenye mkaa. Kila Jumamosi alitia mkaa mpya, na ule wa zamani akauweka ndani ya gunia, kwenye kona ya bafu, mvua isije ikausambaza kabla hajapata nafasi ya kwenda kuufukia mbali.

Maji ya ndoo yalipimwa, yakaonekana safi kabisa. Damu ya mtoto ikazidi kuchafuka.

"Labda mkaa wako haunasi kitu," mama alimwambia mumewe.

"Unanasa, mke wangu. Ule wa zamani nimeupeleka ukapimwa, umejaa risasi tele."

"Basi huyu mtoto anakunywa mahali."

Shule ikasimama. Mlango wa mbele nao ukapata kufuli lake. Midoli ikatupwa, kalamu za rangi zikatupwa, hata dawa ya meno ikaenda, maana nani ajuaye imetengenezewa wapi. Mtoto akawa anashinda ameshika nondo za dirisha, akiwatazama wenzake wakicheza. Mlinzi wake alikuwa bibi yake mzaa baba, mwanamke asiyejua kutupa kitu. Kipande cha sabuni kikikaribia kwisha, alikigandisha kwenye kipya. Mama mtu alimwamini kuliko kufuli.

Siku ya kliniki, muuguzi alisoma majibu. Kiwango kilikuwa kimepanda tena. Alimtazama mtoto alivyokonda, akatafuta neno la kumfariji mzazi.

"Lakini meno yake, jamani. Yanang'aa mpaka raha."

"Bibi yake hana mchezo kwenye hilo," mama alisema, na siku hiyo hakupata faraja nyingine.

"Na maji?"

"Ya ndoo tu. Hata ya kusukutua."

Asubuhi iliyofuata, mumewe akiwa ametangulia kazini, mama alifunga mlango kwa nje na kulitikisa kufuli. Roho ilimuuma. Alijua anamfunga mwanawe kama mwizi, ila hakuona njia nyingine. Akazunguka nyumba, akalikagua na kufuli la bomba. Lilikuwa limeshika barabara.

Dirisha la bafu lilikuwa wazi. Ndani, mama mkwe alikuwa ameinama kwenye kona, akichota kitu kwa kiganja. Mtoto alisimama mbele yake na kikombe cha maji ya ndoo.

"Haya, achama, mjukuu wangu," bibi alisema, akichovya kidole kwenye unga mweusi. "Baba yako kautolea jasho mkaa huu, halafu eti ukafukiwe."

Mtoto akafumba macho, akaachama.