Andika Unachokiona

Pigo la kwanza lilimpata mwalimu mgongoni, naye akaanguka kifudifudi juu ya meza. Darasa zima likachomoa kalamu.

"Nguo nyeusi," mmoja alinong'ona huku akiandika. "Kofia ya sufi imefunika uso mpaka shingoni. Bomba la chuma, mkono wa kushoto."

"Kulia, wewe!"

Mvamizi alimkamata mwalimu ukosi, akamburuta sakafuni, akampiga tena, safari hii mbavuni. Mwalimu alilia kama mtoto. Katikati ya darasa Spika, kijana aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauzimiki, alicheka kwa kuridhika.

"Huyu wa leo kiboko! Baba kamtoa wapi?"

Baba ndilo jina walilompa mwalimu. Alifundisha uandishi wa mazingira, somo lililowachanganya wanafunzi wa fasihi na wa mawasiliano, watu wasioiva chungu kimoja. Wa fasihi walianza kuulilia mto kabla hawajauona. Wa mawasiliano walikuwa na kichwa cha habari kabla ya habari yenyewe. Baba akawatafutia dawa. Siku moja mlango ulifunguliwa, akaingia mwanamke asiyejulikana, akammwagia Baba maji na matusi, akatoka. Siku nyingine mtu alimpora begi. Kisha Baba alikuwa akisema, "Haya, andikeni mlichokiona, si mlichokidhani." Kila mmoja alikuja na mwanamke wake, huyu mrefu, huyu mfupi, nao walicheka mpaka basi.

Kwa hiyo sasa waliandika. Ni kalamu ya Sindano tu, msichana mwembamba wa safu ya mbele, ambayo haikugusa karatasi.

Sindano alijua mambo wasiyoyajua wenzake. Shangazi yake alikuwa karani wa mkuu wa chuo. Muhula uliopita msichana mmoja alizimia kwenye vituko vya Baba, na mkuu akavipiga marufuku. "Mwalimu wenu katia sahihi mbele yangu," shangazi alimwambia. "Akirudia, kazi hana."

Jambo la pili lilimkosesha usingizi. Ile makala kuhusu kiwanda cha ngozi kilichoua mto, iliyotoka gazetini wiki ile ikiwa na jina la Baba, aliiandika yeye Sindano. Baba ndiye aliyelifuta jina lake. "Wewe bado mtoto wa watu," alimwambia. "Mimi mifupa imeshakomaa. Waache waje kwangu." Na mlinzi wa kiwanda alikuwa amewaambia wote wawili, palepale mtoni, kwamba mwandishi atakayerudi ataondoka kwa machela.

Asubuhi hiyo Baba alikuja amevaa koti zito, na jua linachoma. Sindano alidhani ana homa. Kabla ya kuanza alivua miwani, akaifungia kwenye droo, akawataka wa nyuma wasogee mbele. Alikuwa mchangamfu. Walipomuuliza yuko wapi Ba'mdogo, mdogo wake aliyezoea kumletea chakula cha mchana na kuwatania wote mlangoni, alitabasamu. "Atakuja tu."

Bomba likashuka tena, puu, kama mtu anayekung'uta godoro. Damu ikamtoka Baba kinywani, ikatiririka shingoni.

"Si mchezo!" Sindano alipiga kelele. "Ni watu wa kiwanda! Wanamuua!"

Darasa likaangua kicheko. Mara ya mwisho pia Baba alimpanga mwanafunzi mmoja apige mayowe.

"Andikeni, jamani," Spika alisema. "Msichana wa mbele anajitia kulia. Dada, ongeza machozi kidogo!"

Hapo hasira zikampanda Sindano mpaka macho yakaona giza. Wote walimpenda Baba, na wote walikuwa wakimtazama akifa huku wakitafuta vivumishi. Tena alikuwa akifa kwa makala isiyokuwa yake. Kando ya mlango ulining'inia mtungi wa kuzimia moto. Sindano aliung'oa ukutani kwa mikono miwili.

Baba alimwona. Aliinua mkono, akatikisa kichwa, akataka kusema kitu, lakini kinywa kilikuwa kimejaa. Hata sasa ananikinga mimi, Sindano aliwaza, na machozi yakamtoka kweli.

Mtu mwenye kofia aligeuka. Bomba likamponyoka, likadunda sakafuni kwa wepesi, naye akafungua viganja vyake vyote viwili. Sindano hakungoja. Alimpiga utosini, na kitu kikavunjika kwa sauti ambayo darasa lile halikuwahi kuisikia. Mtu akapiga magoti. Sindano akampiga tena, kwa ajili ya mto, na akampiga mara ya tatu kwa ajili ya jina lililofutwa.

Kalamu zikasimama. Damu nzito ikapenya kwenye sufi, ikaenea sakafuni mpaka kwenye viatu vya safu ya mbele, na hii ilikuwa na harufu.

"Spika," Sindano alisema akihema, mtungi bado mikononi. "Piga simu sasa. Baba anahitaji daktari."

Spika hakuigusa simu. Alikuwa akimtazama Baba, ambaye alisimama mwenyewe, bila kushikwa, bila kuchechemea, akatema kifuko chekundu cha plastiki, akapiga magoti kando ya yule mtu na kumvua kofia.

"Inuka, mdogo wangu," alisema. "Watoto wameshamaliza kuandika."