Pumzi ya Mzee Elinaja

Siku hizi muuguzi hakai wodini. Huvaa fulana ya hospitali akiwa kwake, na pumzi ya mgonjwa aliyepewa hupanda na kushuka juu ya kifua chake mwenyewe, hadi mgonjwa apone.

Tumsifu alipewa Mzee Elinaja, mgane wa kule Same, aliyepata donge la damu kwenye mapafu. Alisonga ugali kwa mwendo wa pumzi ile. Ikianza kukatikakatika, aliacha mwiko akampigia simu.

"Mzee, kaa wima. Sindano ya kuzuia damu kuganda umechoma? Fizi hazitoki damu?"

"Niko salama, mwanangu."

Tumsifu aliishi peke yake, lakini nyumba haikuwa tupu.

Kisha daktari akasema mzee amepona. Gari la hospitali likaja kuichukua fulana. Jioni hiyo Tumsifu alibandika chai, ikafurika na kuzima jiko, naye amesimama pale pale.

Simu ikaita.

"Nesi, kifua kimetulia, ila usingizi hauji. Bado unanisikia nikipumua?"

Tumsifu alijipapasa kifuani. Palikuwa na gauni tu.

"Nakusikia, baba. Lala."

Mzee akashusha pumzi ndefu. Tumsifu akaibana simu kifuani, akaishikilia hapo hata baada ya kukatwa.