Mjusi Juu ya Mwiba

Mjusi alikuwa ametungwa kwenye mwiba wa mti wa mhothoni, tumbo nje, kama mshikaki uliosahauliwa. Jana yake alitungwa panzi. Verlene Tisdale alisimama uani na kikombe chake cha kahawa, akaukodolea macho ule mti mfupi uliojiotea kwenye mchanga mkavu chini ya misonobari. Miaka yote haukuwahi kumpa shida, ila kumchana mikono akichuma matunda yake ya kupikia jeli.

Panzi huruka, lakini hajitungi. Hapo palikuwa na mkono wa mtu, na Verlene hakuhitaji kuambiwa wa nani. Ozella, wa ng'ambo ya barabara, ambaye bibi yake kule visiwani alisifika kwa kuroga watu kwa mizizi. Na sababu ilikuwa Shemasi Purvis, mgane mwenye sauti nzito na gari linalong'aa. Jumapili hii anakula kuku kwa Verlene, Jumapili ijayo anakula pai ya viazi vitamu kwa Ozella, na moyo wake uko wapi, hasemi.

Kufika mchana kanisa zima lilikuwa na habari. Verlene alimwaga chumvi kizingitini, akapaka dari ya baraza rangi ya buluu ya kufukuzia mizimu, na kila aliyekuja kumpa pole alisimuliwa mjusi mrefu kuliko aliyesimuliwa mwenzake.

Alhamisi akaona kwa macho yake. Ndege mdogo wa kijivu, mwenye utepe mweusi machoni kama jambazi, alishuka na chura mdomoni, akamtunga kwenye mwiba, akaanza kumnyofoa taratibu kama mtu wa bucha. Verlene akaketi ngazini, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kisha akaikumbuka ile pai ya viazi vitamu, kicheko kikakatika. Nani mwingine kamwona huyo ndege? Na watu walishaanza kulihama benchi analokaa Ozella kanisani. Akanyanyuka, akampigia simu Dada Luvinia, ambaye siri kwake hailali, akamwambia sasa uchawi umefikia chura.

Jumamosi Shemasi Purvis akaja, suti mwilini, kofia mkononi. Verlene akavua aproni haraka, akamvutia kiti. Hakukaa.

"Dada Verlene, nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Namwoa Ozella."

Verlene akauliza kwa nini.

"Pete nilikununulia wewe," akasema, macho chini. "Tangu Pasaka iko mfukoni, natafuta ujasiri tu. Lakini jana Ozella kanisimamisha, kaniuliza nia yangu kwake ni nini. Sasa hebu niambie wewe uliyeyaona hayo mauzauza: mwanamke kama yule, unamwambiaje hapana?"

Verlene akamdaka mkono wa koti.

"Purvis, ni ndege. Nimemwona mimi. Ndege tu, mdogo hivi, ana utepe mweusi usoni, ndiye anayewatunga."

Shemasi akaunasua mkono wake polepole, akarudi nyuma mpaka ngazini, akavaa kofia.

"Maskini dada yangu," akasema. "Ozella ameshakufika kichwani."